Kunde Nyeusi za Nyumba Zetu Kumi

Tulifundishwa kuuliza maswali ndani ya ghala la pamba. Pamba ilikuwa imeshauzwa, ghala limebaki na vumbi na panya, na sisi wanawake sita tumeketi juu ya magunia matupu kama watoto wa chekechea. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Didia. Ilikuwa miaka ya sabini, baada ya kutolewa kwenye miji yetu ya zamani na kupangwa kwa mistari, nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake.

Aliyetufundisha alikuwa dada wa chuo, mtu wa pwani, mpole, Kisukuma hajui hata salamu. Tulimwita Mwalimu. Kazi aliyoileta ilikuwa ya maana. Watoto wetu walikuwa wanakufa, na wote waliokuja na karatasi kuuliza kwa nini, wanawake waliwapa majibu ya kuwafukuzia. Mwalimu akasema mama atamwambia ukweli mama mwenzake, yule anayechota naye maji kwenye lambo moja. Kwa hiyo waulizaji tuwe sisi. Mimi nilikuwa na darasa la pili. Wengine chaki waliiona kwa mbali. Akasema haidhuru, masikio tunayo.

"Kwanza ruhusa," alitufundisha. "Mwambie unataka kuuliza nini, na kwa sababu gani. Mwambie anaweza kukataa. Mwambie anaweza kukubali halafu akaghairi katikati. Na asilotaka kusema usilichimbe."

Rafiki yangu mmoja, mpika pombe, mwanamke wa mwili na sauti, akaangua kicheko. "Mwalimu, nikimwambia mtu anaweza kukataa, si atakataa?"

"Akikataa unanyanyuka, unakwenda."

"Na maji yake nimeshayanywa?"

"Unamshukuru kwa maji."

"Huku kwetu hapana hiyo. Nikishaketi kwenye kigoda chake na kunywa maji yake, ananidai maneno na mimi namdai. Nikitoka hivi hivi atasema nimekuja kumpeleleza ugali."

Tukacheka mpaka panya wakakimbia. Lakini Mwalimu hakukasirika. Akatuweka wawili wawili, mmoja aulize, mwingine ajifanye mama wa nyumba. Mimi nilipewa huyo mpika pombe. Nikamsalimu, "Mwangaluka, mayu," nikaketi, nikaeleza shida yangu kama nilivyofundishwa. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Nina shughuli. Nenda kaulize mbuzi." Nikanyanyuka, nikasema asante kwa maji. Akanishika khanga. "Ebu rudi, mjinga wewe. Hujaniuliza hata nimefiwa na nani." Ndipo tukaelewa Mwalimu anataka nini. Mtu uliyempa nafasi ya kukufukuza, mara nyingi anakuita urudi.

Jambo la mwisho alilisema amesimama. "Ukitoka pale, uliyoyasikia umeyaacha pale. Mumeo asijue. Mama yako asijue. Mimi mwenyewe msiniambie nani kasema nini. Mkishindwa hili, bora msianze."

Tukakubali, mmoja mmoja, kwa midomo yetu. Nami nilikubali.

Sasa, kwetu watoto hawahesabiwi kwa vidole, ni mwiko, na kuandika tulikuwa hatujui. Tukachagua mbegu. Mtama kwa mtoto aliyekufa kwa kuhara. Mbegu ya pamba kwa surua. Choroko kwa homa. Na kwa yule ambaye watu walisema kuna mkono wa mtu, kunde nyeusi. Kila mama angetia mbegu mwenyewe kwa mkono wake ndani ya kibuyu, na muulizaji haruhusiwi kuzigusa wala kumwambia umekosea. Mwalimu alitaka kibuyu kimoja kwa kijiji kizima. Sisi tukakataa. Tulimwambia hapa kila kitu kinakwenda kwa nyumba kumi. Mbegu za serikali zinagawiwa kwa nyumba kumi, zamu za shamba la kijiji kwa nyumba kumi, hata kufukia shimo barabarani ni nyumba kumi fulani. Ukichanganya, hawa watasema vifo vyao vimehesabiwa kwa wale. Akafikiri, akasema sawa, kijiji ni chenu. Tukachukua kibuyu kimoja kwa kila nyumba kumi, na mimi nikapewa kumi zangu mwenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya. Tulifurahi kwamba tumesikilizwa.

Nyumba ya mwisho kwenye mstari wetu ilikuwa ya mjane mmoja, nami nilimwita Mayu, yaani mama, ingawa hakunizaa. Mume alikufa zamani, watoto wote alikuwa ameshawazika. Alinipa maji, akasikiliza ruhusa yangu mpaka mwisho, akasema, "Hakuna aliyewahi kuniuliza." Akachota kunde nyeusi, moja kwa kila mtoto wake, akazitia taratibu kama anayelaza mtu. Macho yake yalikuwa mekundu kama kawaida. Shinyanga ile haikuwa na miti ya kuni. Tulipikia mavi ya ng'ombe, na moshi wake unakula macho ya mwanamke mwaka hadi mwaka. Kila aliyeishi huku anajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaitwa mchawi.

Halafu nikafika kwa mke mdogo wa balozi wetu. Alikuwa binti tu, na mtoto wake wa kiume, wa pekee, alikuwa amekufa msimu wa kupiga dawa pamba. Alianguka jioni moja akitokwa na povu, hata hakuugua. Kijiji kizima kilikuwa kimeshasema ni mkono wa mtu. Nilimwambia anaweza kukataa. Akachora chini kwa kijiti.

"Dada, ni kweli hutamwambia mtu?"

"Ni kweli."

"Hata akikuuliza mume wangu?"

"Hata yeye."

Akaniambia. Dawa ya pamba iliyobaki aliimimina kwenye chupa ya soda, akaiweka chini ya kitanda, maana mumewe aliagiza bomba la kupigia dawa lirudishwe likiwa tupu. Mtoto akaiona chupa. Yeye alikuwa nje anatwanga. Alipoingia, alimfuta mtoto mdomo kwanza, akaificha chupa, ndipo akapiga yowe. Mumewe alikuwa Shinyanga mjini, akarudi akakuta msiba, akaambiwa kaanguka tu.

Alimaliza kusema, akaangalia mbegu nilizompangia kwenye ungo. Mtama, pamba, choroko, kunde.

"Sasa mimi nitie ipi?"

Tulikuwa hatujaweka mbegu ya hiyo. Wanawake sita na msomi mmoja, siku zote zile ghalani, hatukufikiria mbegu ya chupa ya mama mwenyewe. Nikanyamaza, maana ndivyo nilivyofundishwa. Akachukua kunde nyeusi, akaitia.

Siku ya kurudisha majibu, Mwalimu alitueleza kwamba watu walioulizwa wana haki ya kuona walichosema. Nami naamini hivyo mpaka leo. Ngozi za ng'ombe zikatandikwa mbele ya ghala, kila kibuyu kikamwagwa kwenye ngozi yake, mbegu zikatengwa. Watu wakazunguka. Kwingine surua ilikuwa imezidi, kwingine kuhara. Kwenye ngozi yetu, kunde nyeusi zilifanya kilima. Jina la mtu halikutajwa. Lakini nyumba zilikuwa kumi, na kila mtu alijua zilipo.

Mwanamume mmoja wa nyuma akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kuku, "Na kwenye nyumba hizo, mwenye macho mekundu ni nani?"

Vichwa vikageuka. Mayu alikuwa ameketi mbele kabisa, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito. Akasimama. "Watoto wangu mimi wamo humo," alisema, akionyesha kilima. "Wangu wote."

"Basi hata wako hukuwaacha," yule mwanamume akajibu, na watu wakacheka kicheko kile ambacho si cha furaha.

Mwalimu alikuwa anatabasamu, akidhani watu wanachangamka. Nilimvuta mkono, nikamwambia kwa Kiswahili changu kibovu kwamba mambo yameharibika, tuchanganye hizo mbegu. Alinitazama bila kunielewa, akasema, "Wameshaziona, mama." Kweli walikuwa wameshaziona. Gari lililokuja kumchukua likapiga honi. Aliagana nasi kwa mikono miwili, akaondoka akiwa na furaha ya kazi iliyokwisha.

Kesho yake balozi aliniita barazani kwake. Alikuwa na wazee wengine, na mume wangu akiwa ameshaketishwa pembeni kama mtu mwenye kesi.

"Shemeji," balozi alisema, "wewe ndiye uliyezunguka kumi zetu. Wanawake walimtaja nani?"

"Niliapa kutosema."

"Uliapa kwa nani? Kwa mgeni aliyekwisha kwenda zake? Mwanangu amekufa. Sikuulizi habari za mtoto wa mtu mwingine, nauliza ya wangu. Mama yake alimtaja nani?"

Mke wake mdogo alikuwa amepiga magoti pale pale anatupa maji. Hakutikisika. Ile kata ya maji ilitulia mkononi mwake kama imeota pale.

"Niliapa kutosema," nikarudia.

"Anaogopa," mzee mmoja akasema. "Kama hakutajwa mtu, angesema hakutajwa. Anamwogopa huyo bibi."

Hapo nikajua nimekamatwa. Nikisema hakutajwa mtu, nimesema uongo, maana wako waliomtaja Mayu kweli kwa mdomo walipotia kunde zao, kwa watoto wengine. Nikinyamaza, kimya changu kinamtaja. Na neno moja la kweli lililoweza kumwokoa, lile la chupa, halikuwa langu.

Mume wangu alinipiga siku hiyo, akaniambia nimemwaibisha. Mpika pombe alikuja kunikanda, akanishauri kama mtu mwenye akili za kawaida.

"Sema uongo, basi. Sema walimtaja mtu aliyekwisha kufa. Nani atakwenda kumuuliza marehemu?"

"Marehemu ana watoto. Watawageukia wao."

"Sema ulisahau."

"Kumi zote nimesahau?"

"Basi kaa na kiapo chako ukichemshe, tuone kama kinaiva."

Baada ya hapo tuliamka tukakuta ua wa minyaa wa Mayu umefyekwa upande wa mlangoni. Minyaa haifyekwi hovyo. Ni kumwambia mtu kwamba njia ya kuja kwako imeshafunguliwa. Wengine kabla yake, vijiji vya jirani, walikatwa mapanga ndani ya nyumba zao baada ya ishara ndogo kuliko hiyo. Mayu alifagia yale matawi, akayapanga pembeni, akaendelea kupika.

Nilimfuata mke mdogo lambo, jua likiwa kali, wengine wameshaondoka. Nilipiga magoti kwenye tope. Mimi si mtu wa kupiga magoti.

"Mdogo wangu, nipe ruhusa. Siombi uende wewe. Nipe ruhusa niseme mimi."

"Ataniua, dada."

"Watamuua Mayu."

"Najua." Alikuwa anajaza mtungi, maji yanapita mdomo na yeye anaendelea kujaza. "Unadhani sijui? Nausikia ufagio wake kila asubuhi."

"Nitakupeleka kwenu kwanza. Ukishafika kwenu, ndipo niseme."

"Ng'ombe za mahari yangu baba ameshazitoa kumwoza kaka. Atanirudisha siku hiyo hiyo." Akaniangalia, na uso wake ulikuwa wa mtoto. "Uliniambia naweza kukataa. Uliniambia naweza hata kughairi katikati. Hukusema hivyo?"

"Nilisema."

"Basi nimekataa."

Nilibaki kwenye tope lile. Nasema wazi kwamba nilimchukia. Nilimchukia Mwalimu na ghala lake na magunia yake. Nilifikiria kwenda moja kwa moja barazani na kusema chupa, chupa, chupa. Wala sikuzuiwa na wema. Nilizuiwa na hesabu: ningemtoa mwanamke mmoja kwenye panga na kumweka mwingine, tena yule aliyeniamini, tena baada ya kumpa ahadi. Nikachota maji yangu, nikarudi.

Kilichobaki ni kumwondoa Mayu. Alikuwa na mtoto wa kaka yake huko Katoro, njia ya Geita, analima kidogo na kuchimba dhahabu kidogo. Siku ya mnada nilipata lori la mfanyabiashara wa mchele linalopita Ushirombo kwenda Katoro, na mpika pombe akatoa nauli bila kuulizwa. Kazi ikawa Mayu mwenyewe.

"Nikiondoka nimekubali," alisema. "Mchawi ndiye anayekimbia."

"Ukibaki utakufa."

"Nitakufa kwangu. Wanangu nimewazika wapi? Huko Katoro?"

"Mayu, panda."

"Wewe uliwasikia wote. Niambie kweli walinitaja. Kama walinitaja wote nitapanda. Kama hawakunitaja, nitakaa."

Sikumjibu. Alinisubiri, kichwa amekiinamisha upande wa sikio zuri. Halafu akachukua sufuria na ngozi yake ya kulalia, akapanda. Alidhani amejibiwa.

Nilimsindikiza mpaka Katoro, tumeketi juu ya magunia, vumbi limetufanya weupe. Katoro ya wakati ule ilikuwa vibanda vya barabarani, watu wanauza chumvi na tumbaku, na msitu nyuma yake. Mtoto wa kaka yake alimpokea kwa heshima, "Shikamoo shangazi," akampa kijumba kando ya mashimo yao. Niliporudi kijijini, nyumba ya Mayu ilikuwa imebomolewa, na balozi akanipita njiani akasema, "Unaona? Ameondoka mwenyewe." Wanawake wa kumi zangu waliacha kuketi nami kwenye misiba. Walijua nimebeba maneno yao na hawakujua nitayatua wapi.

Nilikwenda kumwona kila nilipopata lori. Miaka ya themanini wachimbaji waliongezeka, mashimo wanayoyaita maduara yakazunguka kile kijumba, na Mayu akawa anawapikia uji. Huko kuni zilikuwepo, kuni za kweli, za msituni. Safari moja nilifika mchana, akainua uso kunisalimu, nikabaki namtazama. Macho yake yalikuwa meupe. Wekundu wote ulikuwa umeondoka, hata mshipa haukubaki.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Macho yako yamepona, Mayu."

"Yalikuwa yanaumwa?" akauliza. Kioo hakuwahi kuwa nacho.

Na kila safari, nikishakunywa uji, aliuliza lile lile: walinitaja wote? Yule mke mdogo wa balozi naye alinitaja? Alimpenda sana yule mtoto wa balozi, alikuwa akimchumia ukwaju. Nami kila safari nilikaa kimya. Mara ya mwisho alikuwa hawezi tena kuinuka. Akasema, "Mimi nakufa. Maiti haina mdomo. Niambie mmoja tu, huyo mmoja."

Ningeweza. Hakuna ambaye angejua. Nilifungua kinywa, nikauona ule uso wa kitoto pale lambo ukisema basi nimekataa. Nikafunga. Mayu akageukia ukutani. Hakunisemesha tena, na kesho yake akafa. Tulimzika nyuma ya kijumba, wachimbaji wakachimba kaburi upesi sana, kwa kuwa ndiyo kazi yao.

Balozi alikufa baadaye, kwa ugonjwa wa kawaida. Matanga yalipokwisha, mke wake mdogo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alikuja kwangu na khanga nyeusi. Hakuketi.

"Sasa sema, dada. Waambie wote. Nimekuruhusu."

"Mayu alikuwa anakusubiri wewe," nilimwambia. "Amekwisha kufa."

Alikaa chini, palepale mlangoni. Nilimwacha alie. Alipokwisha kulia akasema anataka kwenda mwenyewe, akaseme kaburini. Tukaenda. Tulishuka Katoro, tukatembea mpaka kwenye maduara, na mimi ndiye niliyekuwa najua mahali. Kijumba hakikuwepo. Mtoto wa kaka alikuwa amehamia kwenye machimbo mapya, watu hawakujua upande gani. Nyuma ya pale palipokuwa na kijumba kulikuwa na duara, na jingine, na jingine, udongo mwekundu umemwagwa kila mahali, magogo yamewekwa midomoni.

"Ni wapi?" aliniuliza.

Nilionyesha hapa, halafu nikaonyesha pale. Sikuwa na uhakika.

Akapiga magoti katikati ya mashimo mawili, akaanza kusema kwa sauti, chupa, kitanda, alivyomfuta mtoto mdomo, yote tangu mwanzo. Mchimbaji mmoja alitoa kichwa ndani ya shimo, uso wote vumbi, akatupigia kelele.

"Nyie akina mama! Tokeni hapo, panabomoka!"

Hakutoka. Alikuwa hajafika kwenye habari ya ile kunde nyeusi.